MAONI: Magnesiamu nzuri ni ile tumbo lako litakubali

Ukiwa na ugonjwa ambao hauponi kesho wala kesho kutwa, kila mtu hugeuka daktari wako. Shangazi anakutumia video kwa WhatsApp. Jamaa wa jimu anakwambia alikuwa hapati usingizi hadi alipoanza kumeza magnesiamu. Kule TikTok kuna dada anayetabasamu akiwa na mkebe mkononi, anasema kichwa, misuli, usingizi, msongo wa mawazo na maumivu ya hedhi, vyote kwisha. Chini ya video ameweka nambari ya kuagiza, na analeta hadi mlangoni.

Na wewe, kwa sababu umechoka, unaagiza.

Sikulaumu. Hata mimi niliagiza, tena si mara moja. Naishi na kipandauso tangu nikiwa sekondari. Sizungumzii kile kichwa cha kumeza tembe mbili ukaendelea na shughuli zako. Hiki changu ni cha kufunga pazia, kuzima simu na kuweka beseni kando ya kitanda. Niliposikia kwamba magnesiamu husaidia, niliingia kemisti nikachukua mkebe wa bei nafuu ulioandikwa namba kubwa kuliko mikebe yote rafuni. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: namba kubwa, nguvu nyingi, pesa kidogo. Asubuhi iliyofuata nikameza tembe mbili kabla ya kula chochote, nikapanda matatu kuelekea kazini.

Tulipofika Roysambu tumbo lilianza kunguruma. Tulipokwama kwenye foleni karibu na Allsops, nilikuwa natokwa na jasho jembamba na kuhesabu magari yaliyokuwa mbele yetu. Nilimwomba utingo anishushe. "Siste, hapa si steji," akaniambia. Nilimtazama tu, akafungua mlango. Mengine ya kituo cha mafuta na ufunguo wa choo uliokuwa umefungwa kwenye kipande cha mbao, nakuachia uyamalizie mwenyewe.

Jioni rafiki yangu akanipa moyo: "Vumilia kiasi, mwili utazoea." Nikavumilia. Wiki ya pili ilinikuta nimekosa kazi siku mbili, nimekaukiwa maji mwilini, na kwa kuwa kukosa maji ni mojawapo ya mambo yanayoamsha kipandauso changu, kichwa kikarudi kwa kishindo. Nilikuwa nimenunua kwa pesa zangu kile nilichokuwa nakikimbia.

Ndiyo maana leo nataka kukwambia jambo moja ambalo ningependa kuambiwa wakati ule. Ukiwa unaishi na maradhi ya muda mrefu, swali la kwanza kuhusu kirutubisho lisiwe "kipi kina nguvu zaidi?" wala "kipi kinasifiwa zaidi?" Uliza: je, mwili wangu utakivumilia? Kirutubisho ambacho huwezi kukimeza kesho hakikufai leo, hata kama kimeandikwa sifa kwa wino wa dhahabu. Na kuacha kitu kinachokuumiza si udhaifu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hivyo anayekuambia uvumilie hajui unavumilia mangapi tayari.

Mtu mwenye afya njema akiharisha siku mbili, anacheka na kusahau. Wewe hauko hivyo. Kama una kisukari, kuharisha kunakuvuruga sukari na maji mwilini. Kama una seli mundu, kukaukiwa na maji kunaweza kukuletea maumivu makali. Kama unameza dawa kwa saa maalumu, tumbo linaloendesha linaweza kuzitoa kabla hazijafanya kazi. Hata bila hayo yote, una siku chache nzuri katika mwezi, na kila moja ina thamani. Usikubali mtu akuambie kwamba madhara "madogo" ni madogo kwako.

Sasa kabla hatujafika rafuni, jiulize kama unaihitaji hiyo magnesiamu. Ni madini ya lazima, hilo halina ubishi. Yanashiriki katika kazi zaidi ya 300 za vimeng'enya mwilini, kuanzia misuli na neva hadi sukari na mapigo ya moyo. Lakini kwamba mwili unayahitaji haimaanishi wewe unayakosa. Mwanamke wa miaka 19 hadi 30 anahitaji takriban miligramu 310 kwa siku, mwanamume wa umri huo 400, na sehemu kubwa inaweza kutoka kwenye sahani yako.

Wapo hata hivyo wanaoipoteza kuliko wengine, na wengi wao ni wagonjwa wa muda mrefu. Kisukari cha aina ya pili huifanya itoke kwa wingi kwenye mkojo. Baadhi ya tembe za presha na moyo zinazokufanya ukojoe sana, kama furosemide na hydrochlorothiazide, huitoa pia. Magonjwa ya utumbo yanayoleta kuhara kwa muda mrefu huizuia isifyonzwe. Pombe nyingi nayo huimaliza. Halafu kuna dawa za asidi tumboni kama omeprazole, ambazo vijana wengi tunazimeza kama peremende kwa sababu ya vidonda au kiungulia. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba dawa za kundi hilo zikitumiwa kwa muda mrefu, mara nyingi zaidi ya mwaka mmoja, zinaweza kushusha magnesiamu mwilini. Katika takriban robo ya visa vilivyochunguzwa, kuongeza magnesiamu peke yake hakukutosha, ilibidi dawa yenyewe iachwe. Umeona? Unaweza kununua mkebe baada ya mkebe na tatizo likawa liko kwenye tembe nyingine iliyo kwenye droo yako.

Kipimo cha damu kipo, na daktari anaweza kukiagiza, lakini usikichukulie kama neno la mwisho. Mwili wa mtu mzima una takriban gramu 25 za magnesiamu. Zaidi ya nusu iko kwenye mifupa, na chini ya asilimia 1 ndiyo inayopatikana kwenye majimaji ya damu yanayopimwa. Ndiyo maana daktari mzuri hutazama kipimo, dalili, dawa unazotumia na ugonjwa ulio nao, vyote kwa pamoja.

Na je, inasaidia kweli? Inategemea unaimezea nini. Kwa kipandauso kuna ushahidi wa kiasi. Utafiti mmoja wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 1996 uliwafuatilia watu 81 kwa wiki 12, wengine wakipewa miligramu 600 za magnesiamu kwa siku, wengine tembe tupu. Kufikia wiki za mwisho mashambulizi yalikuwa yamepungua kwa asilimia 41.6 kwa waliopata magnesiamu na asilimia 15.8 kwa waliopata tembe tupu. Ni matokeo ya kutia moyo. Lakini utafiti mwingine wa mwaka huohuo haukuona faida. Na hata katika ule uliofanikiwa, asilimia 18.6 ya waliomeza magnesiamu waliharisha. Hao ni karibu mtu mmoja kati ya watano, wakiwa chini ya uangalizi wa madaktari. Kwa hiyo kama tumbo lako lilikataa, hukuwa na laana yoyote. Uko kwenye kundi kubwa.

Kwa mikakamao ya misuli usiku, sifa ni nyingi kuliko ushahidi. Uchambuzi wa Cochrane uliosasishwa mwaka 2020 ulihitimisha kuwa kwa watu wazee haielekei kuleta nafuu ya maana. Kwa usingizi, tafiti zilizopo ni chache na ndogo. Sisemi usijaribu. Nasema usiuze simu yako kwa ajili ya ahadi ya TikTok. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na mwenye mkebe wa kuuza hawezi kukwambia kwamba huuhitaji.

Kuna watu ambao hawapaswi kujaribu kabisa bila daktari, na hapa naomba unisikize vizuri. Figo ndizo zinazotoa magnesiamu ya ziada mwilini. Figo zikiwa dhaifu, inajikusanya kwenye damu. Presha inashuka, misuli inalegea, pumzi inapungua, na ikizidi sana moyo unaweza kusimama. Utasema, "Mimi nina miaka 24, figo zangu ziko fiti." Labda. Lakini kisukari, shinikizo la damu, lupus na seli mundu yote ni magonjwa yanayoweza kugusa figo kimyakimya, na vijana wanaugua hayo. Kipimo cha kreatinini ni cha kawaida katika hospitali nyingi. Kabla ya kutumia maelfu kwa mikebe, tumia pesa hiyo kwanza kujua hali ya figo zako. Kama uko kwenye dayalisisi, usiguse chochote chenye magnesiamu bila idhini ya daktari wako wa figo, hata dawa ya kiungulia ya dukani.

Jambo la pili ni dawa ulizo nazo. Magnesiamu hujishika na baadhi ya dawa tumboni na kuzizuia zisiingie kwenye damu. Wengi wanaoishi na virusi vya Ukimwi hapa Kenya humeza tembe moja kwa siku yenye dolutegravir ndani yake. Ukiimeza pamoja na magnesiamu, dawa haifiki kwenye damu inavyotakiwa, na wewe hutahisi chochote. Utagundua tu pale kipimo cha wingi wa virusi kitakapokushangaza. Mwongozo ni huu: meza ARV yako angalau muda wa saa 2 kabla ya magnesiamu, au saa 6 baada yake. Dawa ya tezi dundumio, levothyroxine, inataka nafasi ya saa 4. Antibayotiki kama ciprofloxacin na doxycycline nazo hupoteza makali zikikutana na magnesiamu. Kwa hivyo mweleze mfamasia kila kitu unachomeza. Kama unaona haya kusema mbele ya foleni kwamba unatumia ARV, omba muongee kando, au mwandikie kwenye simu umwonyeshe. Siri yako ni haki yako, lakini usiifiche kwa mtu anayekupa kitu cha kumeza.

Haya, sasa twende rafuni.

Magnesiamu haiuzwi ikiwa peke yake. Huwa imeunganishwa na kitu kingine, na muungano huo ndio unaoamua tumbo lako litasema nini. Kiasi kisichofyonzwa hubaki ndani ya utumbo na kuvuta maji kuelekea huko. Maji yakijaa, utumbo unasukuma, nawe unatafuta choo. Hili si jambo la siri. Ndiyo kazi hasa ya maziwa ya magnesia na chumvi ya Epsom zinapotumiwa kulainisha choo. Kwa maneno mengine, baadhi ya mikebe inayouzwa kama ya usingizi ni binamu wa karibu wa dawa ya kufungua tumbo.

Magnesiamu oksaidi ndiyo ya bei nafuu na ndiyo iliyojaa madukani. Takriban asilimia 60 ya uzito wake ni magnesiamu halisi, ndiyo maana namba yake ni kubwa na tembe ni ndogo. Tatizo ni kwamba haiyeyuki vizuri na hufyonzwa kidogo, hivyo nyingi hubaki kuvuta maji. Hiyo ndiyo iliyonishusha Allsops.

Magnesiamu sitreti huyeyuka na kufyonzwa vizuri zaidi, ina takriban asilimia 16 ya magnesiamu halisi, lakini nayo hulainisha choo. Magnesiamu glisineti ina karibu asilimia 14, imeunganishwa na asidi ya amino, na watu wengi wenye matumbo mepesi huiona ya upole zaidi. Bei yake lakini inauma. Kuna kloraidi na maleti pia. Ile ya kupulizia au kupaka kwenye ngozi inapendwa mitandaoni, ila ushahidi kwamba kiasi cha maana hupita kwenye ngozi ni hafifu.

Usinielewe vibaya, sikutumi ununue glisineti. Kama dawa zako, mathalani amitriptyline au tembe kali za maumivu, zinakufungia choo siku tatu, sitreti inaweza kukupiga ndege wawili kwa jiwe moja. Na wapo wanaomeza oksaidi baada ya chakula na hawaoni tatizo lolote, wanaokoa pesa. Tumbo la jirani si tumbo lako. Ninachopinga ni kuambiwa kuna "iliyo bora" kwa kila mtu.

Namba iliyo mbele ya mkebe ndiyo inayowachanganya wengi. Tuseme mkebe mmoja umeandikwa magnesiamu oksaidi miligramu 500, mwingine magnesiamu glisineti miligramu 1,000. Ukikimbilia wa pili ukidhani una mara mbili, umekosea. Wa kwanza una takriban miligramu 300 za magnesiamu halisi, wa pili takriban 140. Geuza mkebe, soma lile jedwali la nyuma, tafuta neno "elemental" au kiasi cha magnesiamu yenyewe kwa kila tembe. Kisha angalia idadi ya tembe zinazohesabiwa kuwa dozi moja. Wengine huandika namba tamu mbele, halafu nyuma kwa herufi za chungu mdogo wanasema ni tembe nne. Ukishapata hizo mbili, gawanya bei kwa idadi ya siku mkebe utakaa. Hapo ndipo utajua kipi ni cha bei nafuu kweli.

Soma pia vilivyochanganywa. Glisineti nyingine huongezwa oksaidi ili namba ipande, na ukiwa na tumbo jepesi utashangaa kwa nini ile "ya upole" inakukimbiza. Zile za kutafuna kama peremende zina sukari. Mwenye kisukari aziangalie. Zisizo na sukari mara nyingi zina sorbitoli, nayo huharisha yenyewe bila msaada. Tembe za kuyeyusha kwenye maji zikitoa povu huwa na sodiamu, habari isiyo njema kwa mwenye presha. Nyingi zimeongezwa vitamini B6, na ukiwa tayari unameza multivitamini na ile ya nywele na kucha, B6 inaweza kurundikana. Ikizidi kwa muda mrefu huumiza neva, ukaanza kuhisi ganzi miguuni ukadhani ni ugonjwa wako umezidi.

Ukiwa umeshapata ruhusa ya daktari na umechagua, anza chini. Wataalamu wa Marekani waliweka kikomo cha miligramu 350 kwa siku kutoka kwenye virutubisho, wenzao wa Ulaya 250, na kote sababu ilikuwa kuhara. Hiyo haihesabu magnesiamu ya chakula. Unaona kwamba vipimo vya utafiti wa kipandauso vinapita vikomo hivyo, na ndiyo sababu kufika huko ni uamuzi wa daktari, si wako na mimi. Kwa kuanzia, watu wengi huanza na takriban miligramu 100 au hata chini, jioni, baada ya chakula. Mwili hufyonza vizuri zaidi kiasi kidogo kidogo kuliko kikubwa kwa mpigo, kwa hivyo kugawa dozi asubuhi na jioni husaidia tumbo na pia mfuko.

Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati. Hili ndilo wengi wetu tunalikosea. Unaanza magnesiamu Jumatatu, Jumanne unaacha kahawa, Jumatano unaanza chai ya mitishamba ya shangazi, halafu Ijumaa ukiumwa na tumbo hujui wa kumlaumu, na ukipata nafuu hujui wa kumshukuru. Andika kwenye simu: tarehe, dozi, choo kilikuwaje, usingizi, maumivu. Mistari miwili inatosha. Usianze wiki ya mtihani, wiki ya safari, wala siku ambayo una usaili wa kazi. Anza wikendi uko nyumbani, choo kiko karibu na maji yako kwenye bomba.

Na weka siku ya mwisho mapema. Kwa kipandauso, miezi mitatu ni muda wa haki wa kuona kama kuna tofauti. Kuharisha hata hivyo hakusubiri miezi mitatu. Choo kikilegea kidogo, punguza dozi au badilisha aina. Kikiendelea siku mbili tatu, acha. Ukihisi misuli imelegea isivyo kawaida, usingizi mzito, kizunguzungu cha presha kushuka au moyo kwenda polepole, acha na uende hospitali siku hiyohiyo, ukibeba mkebe wenyewe ili wauone. Kumbuka pia kuhesabu magnesiamu iliyojificha kwenye dawa za kiungulia, kwa sababu nyingi zinayo.

Nunua kwenye kemisti yenye leseni ya PPB ukutani na mfamasia anayeweza kujibu swali. Mkebe usiokuwa na jina la mtengenezaji, nambari ya toleo na tarehe ya kuisha, uache hapohapo hata ukiuzwa kwa bei ya maandazi. Yule wa Instagram anayekutumia kapsuli kwenye karatasi ya nailoni hajui figo zako, na akikublock hutampata tena.

Halafu kuna sahani. Kiganja cha mbegu za malenge zilizokaangwa, takriban gramu 28, kina karibu miligramu 156 za magnesiamu. Robo kikombe cha njugu karanga kina zaidi ya 60. Ndengu, maharagwe, mchicha, parachichi na ndizi zote zinachangia. Unga wa posho uliosagwa na maganda yake una magnesiamu nyingi kuliko ule mweupe wa pakiti, kwa sababu kukoboa hutoa ganda na kiini ambamo madini hukaa. Najua si kila mtu anaweza kula hivyo. Mwenye figo dhaifu anawekewa mipaka ya vyakula hivihivi, na mwenye utumbo mwepesi maharagwe yanaweza kumtesa kuliko tembe. Lakini kwa wengi wetu, njugu za bei ya soda moja zinafanya kazi bila kutushusha njiani.

Neno moja kwa nyinyi mnaoishi na sisi. Mnapotuletea ushauri tunajua ni kwa upendo. Ila mkituambia tuvumilie, mnatufundisha kuficha. Tukificha, daktari anaandika dozi nyingine akidhani ile ya kwanza ilikwenda vizuri. Afadhali utuulize, "Ilikufanya nini?" kisha utusikilize.

Mimi nilirudi kwa daktari na ule mkebe wangu. Alinicheka kidogo, akanipima figo, akauliza kila kitu ninachomeza. Sasa natumia dozi ndogo ya aina nyingine, usiku baada ya chakula. Kipandauso hakijaondoka. Kulingana na ninavyoandika kwenye simu, kimetoka siku saba au nane kwa mwezi hadi nne au tano. Siwezi kukuapia kwamba ni magnesiamu, kwa sababu nilianza pia kulala mapema. Ninachoweza kukuapia ni kwamba nafika kazini bila kumwomba utingo anishushe.

Kwa hivyo ukiingia kemisti wiki hii, usiulize ipi ndiyo kali. Taja ugonjwa wako, taja dawa zako, sema tumbo lako likoje, kisha uliza ipi unaweza kuimeza kesho na kesho kutwa. Asipokuwa na muda wa kukujibu, toka. Kemisti ni nyingi, tumbo unalo moja.